Risasi Isiyokuwepo

Kila asubuhi kabla ya shule, watoto wa mtaa mmoja huko Musaga walikutana kwenye robine, bomba la maji la mtaa, kila mmoja na bidoni lake, dumu la kutekea maji. Hapo ndipo habari zote zilipopikwa: nani kachapwa, nani kafeli, bunduki za jana zililia upande gani wa milima. Ilikuwa miaka ya vita, na watoto wa Bujumbura walizungumzia milio ya risasi kama wengine wanavyozungumzia mvua.

Valéry, mvulana wa miaka kumi na mitatu, alijulikana kwenye foleni hiyo kwa kubeba bidoni kubwa kuliko wenzake na kwa kutofunga mdomo. Basi aliporudi baada ya wiki kadhaa za kutoonekana, akitembea taratibu huku mama yake, Consolate, akimbebea bidoni, macho yote yalimgeukia.

Ukweli wenyewe ulikuwa mwepesi. Alikuwa na ngiri. Utumbo ulikuwa umejisukuma nje kwenye kinena, chini kabisa ya tumbo, mahali ambapo mvulana hapendi kupataja mbele ya watu. Daktari alimpasua, akamshona, akamkataza kubeba kitu kizito mpaka apone. Majirani waliambiwa tu kwamba mtoto alikuwa mgonjwa.

Consolate alipogeuka kusalimiana na jirani mmoja, rafiki mkubwa wa Valéry aitwaye Idi alimuuliza Valéry alikuwa na nini. Wengine wakasogea. Mmoja akasema anatembea kama bata, foleni nzima ikaangua kicheko. Uso wa Valéry ukawaka kwa aibu, na maneno yakamtoka kabla hajayafikiria.

"Mi nilipigwa risasi," alisema. "Hapa hapa, karibu na robine. Nilikuwa narudi na maji."

Kicheko kilikatika. Idi alimtazama mdomo wazi, kisha akampisha nafasi yake mbele ya foleni. Valéry akajiona shujaa. Siku zilizofuata, kila aliyeuliza alipewa risasi ile ile, ikiwa imenenepa kidogo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo shujaa wetu hakulifikiria, ingawa kila mtu mzima mtaani alilijua. Mtu akijeruhiwa kwa risasi, ilibidi nyumbakumi aambiwe, yule anayesimamia nyumba kumi za jirani, naye awaarifu askari. Nyumba iliyoficha jeraha kama hilo ilidhaniwa kuwa inawaficha wapiganaji.

Jumamosi asubuhi, Mzee Anselme, nyumbakumi wao, alikuja na askari wawili. Hakutaka kumtazama mtu usoni. Askari waliuliza kwa nini jeraha la mtoto halikutajwa. Consolate akasema hakuna aliyepigwa risasi nyumbani kwake. Wakamjibu kwamba mtaa mzima unajua. Kisha wakamgeukia Népomuscène, kaka mkubwa wa Valéry, wakataka kujua kwa nini hurudi giza likishaingia. Akaeleza kwamba anaoka mikate mjini na kazi huchelewa kuisha. Ni kama hawakumsikia. Wakamwambia avae viatu, awafuate.

Valéry alisimama mlangoni, amepigwa na bumbuwazi. Kaka yake alipita mbele yake kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Consolate aliketi chini, pale pale sakafuni, mwanamke ambaye wanawe hawakuwahi kumwona ameketi mchana.

"Mama, ni mi," Valéry alisema mwishowe. "Ni mi niliwaambia watu nilipigwa risasi."

Consolate alimtazama kama mtu asiyemjua. Hakumpiga. Aliinuka, akakaza kitenge chake, akamshika mkono.

Kituo cha askari hakikuwa mbali, lakini mshono ulimchoma Valéry kila alipokanyaga. Watu waliwafuata, Idi akiwa miongoni mwao. Mkuu wa kituo alipotoka kuuliza kuna nini, Valéry alieleza huku kila mtu akisikia: hakukuwa na risasi, ilikuwa ngiri, alipasuliwa hospitalini, na aliona haya kusema. Hakuna aliyecheka. Muuguzi wa kituo alimwingiza nyuma ya pazia, akamtazama, akatoka na kusema huo ni mshono wa daktari, tena unapona vizuri.

Népomuscène aliachiliwa. Alitoka shavu moja limevimba. Valéry alimwomba msamaha. Kaka yake alimgusa kichwani, akatangulia nyumbani.

Idi alikuwa bado amesimama pale.

"Tangu siku ile mi nalala chini ya kitanda," alisema polepole. "Mudogo wangu Aya anaogopa kwenda robine. Na we ulijua hakuna risasi."

Hata neno kutahayari halitoshi kueleza Valéry alivyojisikia.

Nyumbani, Consolate alimkalisha karibu naye.

"Mwili wako ni wako, mwanangu," alimwambia. "Mutu akikuuliza, umwambie: walinifanyia operasyo, napona, asante. Ukinyamaza hapo, haujakosea, na mi nitakutetea. Lakini we haukunyamaza, ulitunga. Hapa watu wanazikwa kwa sababu ya risasi. Usizitungie hadithi, na usifunike aibu yako kwa hofu ya wengine."

Jumatatu, Valéry alikwenda kwenye robine bila mama yake. Msichana mmoja ambaye hakuwa amesikia yaliyotokea alimuuliza alikuwa anaumwa nini.

"Walinifanyia operasyo," Valéry alijibu. "Napona, asante. Mengine ni yangu."

Msichana akaitikia kwa kichwa, akageukia bidoni lake. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Idi hakumsalimu. Alilichukua bidoni la Valéry, akalijaza, akalibeba mpaka mlangoni kwa kina Valéry, akaliweka chini na kuondoka. Kisha akapitia nyumbani kwao, na safari ya pili alirudi kwenye robine, ambako Valéry alikuwa bado amesimama, akiwa ameshikana mkono na dada yake mdogo, Aya. Aya alitazama huku na huku, akamtazama Valéry kwa muda mrefu, halafu akasimama kwenye foleni.