Alama Ishirini na Mguu wa Kambo

Wauguzi wa Lubumbashi, wazazi, na nyinyi wanafunzi wenzangu mliorudi likizo na vichwa vikubwa, nisikilizeni. Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao masista wa bweni letu hawajawahi kuuona kwangu.

Ilikuwa Jumapili tulivu ya Julai, karibu na Kasapa. Mama alikuwa jikoni. Babu yangu Constantin, ambaye sisi tunamwita Kambo, aliota jua uani. Alifanya kazi ya reli kule Sakania mpaka akapata pensheni, na ana ugonjwa wa sukari mwaka wa sita huu. Mama yangu, Virginie, ni muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa, lakini kwa Kambo yeye ni mukwe, mke wa mtoto wake. Kwa heshima ya ukwe Kambo hakuvua viatu mbele yake hata siku moja. Mimi ni mjukuu. Mjukuu na babu wanaruhusiwa kutaniana, hata yeye huniita bibi yake, yaani mke, na haki hiyo niliitumia yote.

Asubuhi ile, Kambo alipokuwa anaoga, niliweka kizibo cha chupa ndani ya kiatu chake cha kulia, meno juu. Kisha nikajificha nyuma ya mlango nikingoja kelele.

Kambo akavaa soksi, akavaa viatu, akaenda misa kwa miguu, akarudi.

"Kambo, misa ilikuwa namna gani?"

"Muzuri, bibi yangu. Padri alisema murefu."

"Na biatu?" nikauliza, macho kwenye viatu vyake.

"Biatu biko na nini? Uko unabitamani?"

Nilidhani amegundua hila yangu na ameamua kunishinda. Alipolala mchana nilikitoa kile kizibo. Kilikuwa kimebonyea kabisa. Nikamheshimu sana mzee yule. Mjinga mimi.

Wiki iliyofuata wauguzi wakatumiwa mafunzo kwa simu, kuhusu madhara ya kisukari: macho, figo, vidonda vya miguu. Kila somo lilikuwa na maswali yake mwishoni. Mama alikuwa na zamu, na jioni alikuwa na mazoezi ya kwaya.

"Syntiche, we' unapenda simu. Nifanyie ile maneno."

"Mama, minajua nini ya sukari?"

"Unajua kusoma. Inatosha."

Nikasoma haraka haraka. Swali moja liliuliza: mgonjwa wa sukari anasema miguu haimuumi, utafanya nini? Nikabonyeza jibu: mvue viatu na soksi kila anapokuja, maana huenda miguu imekufa ganzi; tazama nyayo na katikati ya vidole; na kama undugu unakuzuia, mpe muuguzi mwingine. Sahihi! Nikapata alama ishirini kwa ishirini. Na sikumfikiria Kambo hata mara moja. Elimu ilipita kwenye kidole changu ikaenda zake.

Cheti kikatoka kwa jina la Mama. Rigobert, mkuu wa kituo, akakitundika ukutani, akampa Mama wagonjwa wote wa sukari ambao zamani aliwatibu yeye mwenyewe. Kambo akiwa mmoja wao.

Katikati ya Agosti nilimsindikiza Kambo kituoni. Mama alimchoma kidole, akapima, macho yake yako kwenye karatasi, akamwita Tata, yaani baba.

"Tata, sukari inashuka kidogo. Kuko fasi ya mwili inakuuma?"

"Hapana, mukwe."

"Na miguu?"

"Haina kitu."

"Aksanti, Tata."

Pale kwenye benchi nilipoketi, lile swali likanirudia, na kizibo pamoja nalo. Nikaelewa yote mara moja: Kambo hakunishinda, kizibo hakukisikia kabisa. Mdomo ukafunguka. Lakini Rigobert alikuwa amesimama mlangoni. Nikisema Kambo avuliwe viatu, atauliza nimejua wapi, na Mama ataaibika.

"Syntiche, uko na neno?" aliuliza Rigobert.

"Hapana, Tata Rigobert. Ni miayo tu."

Miayo! Wasikilizaji, mnaweza kunitukana hapa. Nitangoja.

Siku kumi baadaye Kambo alikuwa anatetemeka kwa homa, na chumba chake kilikuwa na harufu. Tulimkimbiza kituoni. Rigobert mwenyewe alimvua kiatu. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Kwenye unyayo, karibu na vidole, kulikuwa na shimo, na kingo zake zilikuwa nyeusi.

Rigobert akamgeukia Mama, akasema polepole, "Mama Syntiche, ile mafunzo ilikufundisha nini?"

Mama alinitazama mimi.

"Ni mimi nilifanya mafunzo," nikasema. Nikaeleza na kizibo pia, mpaka mwisho.

Kwenye hospitali kubwa madaktari walimkata Kambo vidole vitatu na kipande cha unyayo. Mguu wenyewe waliuokoa. Mama aliondolewa kwa wagonjwa wa sukari mpaka atakaposoma upya. Alisoma, mara hii kwa macho yake, na daftari mkononi. Siku hizi mguu wa Kambo unatazamwa na muuguzi mwingine, Bijou, na Mama hungoja nje.

Nilipokwenda kumwona hospitalini, Kambo alikuwa ameketi kitandani.

"Kambo, ile kizibo..."

"Ile ni mchezo ya bajukuu. Haina mambo." Akavuta shuka juu ya mguu. "Lakini siku ile, pale kwa benchi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Ndiyo, Kambo."

Akaangalia dirishani. "Hiyo njo inaniuma."

FUNDISHO

Muuguzi, usimpe mtoto wako akusomee mafunzo yako. Mgonjwa atakuja kwako, si kwake. Mwenye sukari anayesema miguu haimuumi, huyo mvue viatu kwanza, kila mara. Heshima ya ukwe ikikuzuia, mwite mwenzako. Si dharau, ni dawa.

Na wewe uliye kwenye benchi, uliyejua na kusingizia miayo: sema. Niliogopa aibu ya Mama, na aibu hiyo ilikuja tu, siku kumi baadaye, ikakuta vidole vimekwisha kuoza.