Sauti ya Mlinganishi

Kila asubuhi, katika hospitali ndefu kuliko majengo yote ya Shinyanga mpya, mtambo uitwao Mlinganishi ulichanganya sumu mbili. Ya kwanza ilikuwa dawa lengwa, iliyozitafuta seli za saratani kwa alama zake na kuzikaba hizo tu. Ya pili ilikuwa kemo, ambayo haichagui; hupiga mbaya na nzuri. Zikiunganishwa zilikuwa na nguvu kuliko kila moja peke yake, lakini kemo ikizidi, mgonjwa huondoka kabla ya ugonjwa. Ndiyo maana mtambo ulimsemesha mgonjwa kwanza, ndipo ukapanga dozi. Kichefuchefu hakina kipimo; anayekijua ni mwenye tumbo lake.

Mhandisi Luhende ndiye aliyeubuni, na sasa hakuuamini hata kidogo. Mgonjwa aliyemkosesha usingizi alikuwa mama mkwe wake, Bi Holo, ambaye saratani ya tumbo ilikwisha kumfika kwenye ini. Taarifa zilisema hatapiki, haumwi, dozi iongezwe. Lakini Luhende alipomwona kwa mbali akisukumwa kwenda kupigwa picha, mama huyo alikuwa amebaki mifupa na kanga. Kulikoni mgonjwa anyauke, taarifa zinenepe? Hapa pana mkono wa mtu, akajiambia.

Akamshuku Daktari Kokusima, msimamizi wa wodi, aliyekuwa akijiandaa kuyatangaza matokeo ya mtambo mbele ya madaktari wa nchi nzima. Mwenye njaa ya sifa hakosi kupaka rangi. Luhende akaanza kuzipekua kumbukumbu za daktari kimyakimya, akacheka naye mchana huku moyoni akimhesabu adui. Hakupata kitu, na kukosa huko kukamzidishia shaka.

Daktari hakuwa mjinga. Alimkuta kwenye chumba cha mitambo, akafunga mlango.

"Unanipekua, mhandisi?"

"Kuna mtu anabadilisha majibu ya mama mkwe wangu."

"Majibu ni yake mwenyewe. Nenda kasikilize."

Luhende alisita. Kwao mkwe hasogelei kitanda cha mama mkwe wake. Milembe, mkewe, alikuwa akifika jioni na kumkuta mama amelazwa usingizi na dawa. Na madaktari waliacha zamani kuuliza, kwa kuwa kumwuliza mgonjwa mara mbili ni kumchosha. Kesho yake alimwomba Milembe waje asubuhi. Wakasimama nyuma ya pazia.

"Habari za kuamka, mama?" ulisema mtambo.

Luhende akaitambua mara moja. Sauti ile ilikuwa yake. Alijirekodi mwenyewe siku za majaribio, kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyokuwa karibu, kisha akasahau. Kwenye upenyo wa pazia alimwona Bi Holo akihangaika kujifunika kichwa, akiugeukia ukuta asitazamane na mtambo.

"Nzuri, baba."

"Umetapika usiku?"

"Hapana, baba."

"Umeharisha?"

Mama mzima aulizwe hayo na mkwewe! Alifumba macho kwa haya. "Hapana, baba. Mimi mzima."

Chini ya kitanda, nyuma ya kandambili, palikuwa na ndoo iliyofunikwa kwa kitenge.

Mtambo ulimshukuru, ukaanza kuongeza kemo. Luhende alichomoa waya wa ukutani. Alitaka kuingia amwombe radhi, akajizuia. Kuingia kungekuwa kumwaibisha mara ya pili. Akamsukuma Milembe taratibu.

Milembe alikaa kitandani, akamshika mama yake mkono, akamwuliza ana hali gani. Bi Holo alitazama mlangoni kwanza.

"Nakwisha, mwanangu. Hata maji hayakai. Mdomo wote vidonda, na vidole sivisikii."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningemwambiaje? Kila siku anakuja yeye mwenyewe kuniuliza, mtoto wa watu, kwa upole." Akavuta pumzi. "Na wewe usimwambie."

Nyuma ya pazia Luhende aliziba mdomo kwa kiganja, asije akasikika.