Yaya Hakuambiwa Kuwa ni Mchezo

Jioni moja ya Novemba, mwaka 2006, Istahil alitoka kazini akapitia mtaa wa Hockley kumchukua bintiye mazoezini. Giza lilikuwa limeshatanda, na baridi ya Birmingham, wacha tu, haina adabu. Kundi la maigizo lilikodi ukumbi juu ya karakana moja ya vyuma. Falis, miaka kumi na saba, alikuwa amepewa nafasi ya mtumishi katika komedi ya enzi za Malkia Victoria.

Mlangoni alimkuta Chhotubhai, mzee wa Kihindi aliyekuwa fundi cherehani Nakuru kabla ya kuhamia Uingereza. Yeye ndiye aliyelitunzia kundi mavazi. Alikuwa amesimama kwenye manyunyu, hana hata kofia.

"Wenzake wameshaondoka," alisema. "Falis yuko juu, anabadilisha nguo. Mama... ile aproni nyeupe, nani kamvalisha?"

"Mimi nitajuaje, mzee? Si ni ya kwenu?"

"Ilikuwa chini kabisa ya sanduku langu la Nakuru. Nilikataza isiguswe."

Istahil akataka kupita. Mzee akamziba njia, akaanza kunong'ona.

Mchezo huo ulichekesha London, ukapandishwa meli, ukachekesha Bombay, mwishowe ukafika Nakuru, kwenye klabu ya Wazungu, enzi za ukoloni. Bibi mwenye nyumba anagonga kengele, mtumishi anakuja na kitu sicho, anafokewa, anaitwa tena. Basi. Huko Uingereza mtumishi alikuwa mwigizaji kama wenzake. Nakuru wakaona, ya nini kujisumbua? Wakamtoa yaya wa kweli jikoni.

"Hawakumwambia kuwa ni mchezo," alisema Chhotubhai. "Nilikuwa nyuma ya pazia na sindano yangu. Yule yaya alidhani amekosea kweli. Anaitwa, anakimbia. Anatukanwa, analia. Na watu wanavunjika mbavu. Akaanguka, akafa palepale, na aproni ile ile mwilini. Wakapiga makofi. Bibi akagonga kengele tena..."

"Kisha?"

"Akaitika. Maiti iko sakafuni, mama, na sauti ikaitika."

Juu, kengele ikalia.

Ting... ting...

"Ayah!" Sauti ya mwanamke wa Kizungu anayemwita yaya, kali, yenye madaha.

Miguu ikakimbia juu ya mbao.

"Abee, memsahib."

Istahil akamsukuma mzee kando. Sauti iliyoitika ilikuwa ya Falis. Mtoto aliyezaliwa hapahapa, ambaye mama yake, aliyelelewa Mombasa, amemfundisha kuitika abee mpaka akachoka, na jibu lake siku zote ni "What?"

Alipanda ngazi mbilimbili, Ayatul Kursi mdomoni. Ukumbini kulinuka mafuta ya taa na sigara nene. Viti vyote vilikuwa vitupu. Jukwaani Falis alishika sinia, magoti yakivuja damu, machozi yakimtiririka, akihema kwa shida.

"Falis. Mwanangu. Twende nyumbani."

Hakumtambua.

Viti vikacheka.

Wallahi, vilicheka. Vicheko vya wanaume walioshiba, na vya wanawake waliojiziba midomo kwa leso. Istahil akang'ang'ana na fundo la aproni. Halikufunguka. Midomo ya mwanawe ilishaanza kugeuka rangi, na mama akaelewa kuwa akiitwa mara moja tu zaidi, ataanguka na hatainuka.

Ting...

"Ayah!"

Falis akafungua kinywa. Istahil akamziba kwa kiganja, akaitika yeye.

"Abee, memsahib."

Makofi yakalipuka. Mengi, ya watu walioridhika. Aproni ikadondoka yenyewe.

"Mum?" Falis alijitazama magoti. "Mbona unalia? Nini kimenitoa damu?"

Aproni waliichoma usiku huohuo. Chhotubhai alisema hajui kama yule yaya huitika kwa uchungu, au kwa kuwa mpaka leo hakuna aliyemwambia mchezo umekwisha. Lakini aliyekuwa akiita, mzee hakutaka hata kumtaja.

Jumamosi, nyumbani kwao mtaa wa Stechford, Falis alikuwa amejilaza sebuleni akitazama televisheni. Alitaka rimoti tu.

"Mum!"

Istahil akaja mbio kutoka jikoni, kichwa kimeinama, sinia tupu mkononi.

"Abee, memsahib."

Falis alicheka hadi akajishika tumbo. "Mum, you're so funny. Hebu fanya tena."

Istahil alitaka kumwambia kuwa hafanyi mchezo. Mdomo ulikataa. Miguu yake ikamrudisha jikoni, akasimama nyuma ya mlango, na huko sebuleni mwanawe akavuta pumzi ili aite tena.