Dawa Kwenye Tangi

Kila asubuhi nyumba ile iliamshwa na gari. Kaka aliiwasha pikapu kabla hata hajanawa uso, akaiacha ingurume uani, kisha akazunguka nyuma kuukagua moshi. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa mkono wa kulia wa mama, ambaye alikodisha viti na maturubai kwa watu wenye sherehe. Kaka ndiye aliyekuwa dereva, mpakiaji na mpanga viti, na kazi hiyo aliipenda kuliko chakula.

Binti wa nyumba, msichana wa miaka kumi na miwili, aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mdogo wao wa miaka minne aliitwa Bosi, kwani yeye hakuomba kitu, aliamuru. "Maji," angesema, na watu wazima wangejikuta wanatafuta kikombe.

Siku zile nyumba nzima ilikuwa na mazungumzo ya jambo moja tu: dawa. Pikapu ilikuwa imeanza kukohoa ikipanda mlima, na mwuza vipuri mmoja alimjaza kaka maneno. Alimwambia kwamba iko dawa ya injini. Unaitia kwenye tangi, inasafisha masizi yote, na gari linakuwa jipya. Kaka alimeza maneno hayo mazima mazima. Alinunua chupa, akaitia, akaapa kwamba gari limekuwa jepesi.

"Jepesi kwa mizani gani?" mama alimwuliza. "Mbona mimi nalisikia linakohoa vile vile?"

"Mama, chupa moja haitoshi. Dozi lazima uimalize."

"Wewe endelea tu na dozi zako. Siku ukiniharibia gari, utabeba viti kichwani."

Chiriku alikuwa upande wa kaka. Alitamani sana siku moja mama akubali, kaka afurahi, na ugomvi wa mezani uishe.

Asubuhi moja mama aliamka na mafua, sauti imekauka, pua imeziba kabisa. Akasema kutoka chumbani, "Chiriku, kabla hujaenda shule, tia dawa kwenye tangi. Chupa iko dirishani. Mimina yote iliyobaki."

Kumbe mama alikuwa anasema tangi la maji, lile jeusi lililokuwa pembeni mwa ua, ambalo walilijaza maji ya kisima. Kulitia dawa ya kuua vijidudu ilikuwa kazi yake mwenyewe siku zote, na Chiriku hakuwahi kutumwa. Isitoshe, Kiswahili chetu nacho kina ukarimu wa kupita kiasi kwa neno hilo. Dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, zote ni dawa. Katika kichwa cha Chiriku, dawa na tangi vilikuwa na maana moja tu, ile ya kaka.

Basi mama amekubali, aliwaza, na moyo wake ukachangamka. Dirishani aliikuta chupa ya plastiki, karatasi yake imechubuka yote, na ndani kimebaki kiasi cha glasi moja. Kaka alikuwa stoo akihesabu viti. Chiriku alifungua kifuniko cha tangi la pikapu, akamimina mpaka tone la mwisho, akakifunga. Harufu kali ilimwingia puani, lakini dawa gani isiyo na harufu? Akaenda shule akichekacheka peke yake.

Aliporudi alasiri alikuta pikapu inasukumwa. Kaka na vijana wawili wa jirani walikuwa wameinamia nyuma yake, mashati yameloa jasho. Ilikuwa imezima katikati ya barabara ikiwa na shehena ya viti, magari yakapiga honi nyuma yake mpaka watu wakatoka madukani kutazama. Waliisukuma hadi ndani ya lango, na hapo ikagoma kabisa. Ilisimama katikati ya ua mwembamba, ubavu mmoja karibu na ukuta na mwingine karibu na mlango wa jikoni. Tangu hapo kila aliyetaka kupita alilazimika kujibana.

Mama hakupaza sauti. "Si nilikuambia?" alisema. "Dawa zako hizo."

"Mama, wallahi leo sijatia kitu."

"Leo hujatia. Juzi je?"

Mama akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo wa gari, akaufunga kwenye pindo la kanga. Akasema kwamba Jumamosi kuna harusi, hili likiwa bado limegoma atakodi gari jingine, na huenda akatafuta na dereva mwingine wa kudumu, mtu mzima asiyechezea mali ya watu. Kaka akaketi juu ya kiti kimoja cha plastiki, uso ameuzika viganjani.

Chiriku akaikumbuka ile chupa ya dirishani. Bado hakuwa na hakika. Hakika ilikuja mama alipochota maji ya kupikia na kumwuliza, "Pua yangu leo haisikii kitu. Ile dawa ya maji ulitia kwenye tangi kama nilivyokuagiza?"

Dawa ya maji.

"Nilitia," alisema.

"Yote?"

"Yote."

"Kwenye tangi?"

"Kwenye tangi."

"Vizuri, mwanangu."

Hakusema uongo hata neno moja, na bado alijua kwamba amedanganya. Hapo ndipo mlango ulipojifunga, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo Chiriku aliishi kama mtu aliyefungiwa. Akisema kuhusu maji, lazima aseme kuhusu gari. Akisema kuhusu gari, mama atauliza kwa nini hakusema mapema. Na kila alipochelewa, swali hilo la kwa nini lilizidi kuwa kubwa. Asubuhi alijibana kati ya ukuta na pikapu kwenda shule, na bati lake lilimgusa begani. Jioni alijibana tena kurudi. Hakukuwa na njia ya kuikwepa.

Alijaribu ujanja. Alijaza chupa yake maji ya bomba la shule na kuja kumnywesha Bosi kwa siri. Aliwahi jikoni kuchemsha maji kabla hajaambiwa, na mama akamsifu kwa bidii. Sifa ile ilimchoma kuliko kofi. Lakini Bosi ni Bosi. Koki ya tangi ilikuwa kimo chake kabisa, na akisikia kiu alijihudumia mwenyewe.

"Chiriku umemeza nini?" kaka alimtania siku moja. "Nyumba imepoa kama msiba."

Kaka mwenyewe macho yake yalikuwa mekundu. Fundi wao alikuwa na kazi nyingi na aliahidi kuja Jumamosi, kwa hiyo kaka, kwa kukata tamaa, alikuwa amekopa chupa nyingine ya dawa ya injini na kuimimina tangini kwa matumaini. Alimbembeleza mama ampe ufunguo ajaribu mara moja tu. Pikapu ikawaka, ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Mama akaurudisha ufunguo kwenye pindo.

"Sielewi," kaka alimnong'oneza Chiriku. "Labda kweli nimeiua mwenyewe."

Chiriku alifungua mdomo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Halafu akasema, "Pole, kaka," akakimbilia chumbani na kulia kwenye mto.

Ijumaa, aliporudi shule, alimkuta Bosi amelala mkekani jikoni. Hakuamuru mtu kitu. Alikuwa ameharisha tangu asubuhi, midomo imemkauka na macho yameingia ndani. Mama alikuwa amempakata kichwa, na mkononi ameshika kikombe alichokichota tangini wakati huo huo.

"Kunywa, baba," mama alimbembeleza. "Kunywa maji upate nguvu."

Chiriku alikiona kikombe kinakaribia midomo ya mdogo wake. Hakuwaza tena kuhusu kaka, wala gari, wala kuchapwa. Alipiga hatua moja na kukipangua kikombe, maji yakamwagika mkekani.

"Una wazimu?" mama alishtuka.

"Usimpe hayo, mama. Hayana dawa. Dawa niliitia kwenye tangi la gari."

Kaka, aliyekuwa mlangoni, aliingia hima. Kisha akamnyanyua Bosi, akamweka begani, akajibana kati ya pikapu na ukuta, akatoka mbio kuelekea zahanati. Mama akamfuata.

Muuguzi alimnywesha Bosi maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo, kidogo kidogo kwa kijiko, akamchunguza, akampa dawa. Akasema wamewahi, lakini kama wangeendelea kumpa maji ya tangini yasiyo na dawa hadi kesho, mambo yangekuwa mengine. Jua lilipokaribia kuzama, Bosi alifumbua macho na kusema, "Biskuti." Mama alicheka huku machozi yanamtoka.

Jumamosi fundi alifika mapema. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ovaroli na kelele nyingi. Alifyonza mafuta kutoka chini ya tangi, akayamimina kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie. Wote waliona petroli imekaa juu, na chini yake maji. Akanusa, akakunja uso.

"Haya si matatizo ya dawa ya injini," alisema. "Gari lenu limenyweshwa maji ya kufulia, yananuka klorini."

"Kwa hiyo dawa zangu hazikuliharibu?" kaka aliuliza.

"Hazikuliharibu, na wala hazikulitibu, usianze kujitapa." Akafungua kitu kidogo cha mviringo na kukionyesha. Kilikuwa cheusi tititi. "Hili ni chujio la mafuta. Mara ya mwisho mlilibadilisha lini?"

Kaka akamtazama mama. Mama akamtazama kaka.

"Hiki ndicho kikohozi chenu cha mlimani," fundi alisema. "Sikilizeni. Dawa ya kusafisha si uchawi na si sumu. Nozeli zinazonyunyiza mafuta kwenye injini zikiwa na masizi, ukatia iliyo nzuri kwa kipimo kilichoandikwa, inaweza kusaidia. Lakini haibadilishi chujio, haifufui plagi ya kuwashia moto, na haitoi maji kwenye petroli. Kwanza mafuta safi na matengenezo kwa wakati wake. Mkishamaliza hayo na gari bado linasumbua, ndipo tuzungumze habari za chupa. Kuanza na chupa ni kujipaka manukato kabla ya kuoga."

Alimwaga mafuta yote, akasafisha tangi na mabomba, akafunga chujio jipya. Kazi ilimchukua asubuhi nzima. Mwishowe mama alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo na kuuweka kwenye kiganja cha kaka.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kabla sijajua."

Kaka aliupokea, akapanda, akawasha. Injini iliitika mara moja. Akaitoa pikapu nje ya lango, na ua ukawa mpana tena.

Mama akaketi kizingitini, akamwita Chiriku, akamketisha karibu yake. Chiriku alikuwa amejiandaa kwa fimbo.

"Kosa la dawa, nusu yake ni langu," mama alisema. "Nilitaja tangi, sikutaja tangi gani. Hilo limekwisha. Lakini kutia dawa ulikosea mara moja, tena bila kujua. Kunyamaza ulinyamaza kila siku, na ulijua. Kila kaka yako aliposemwa, ulinyamaza upya. Kila Bosi alipokwenda kwenye koki, ulinyamaza upya. Ungeniambia siku ile ile, ningekugombeza, tukachemsha maji, tukamwita fundi kwa jambo tunalolijua."

"Niliogopa, mama."

"Najua. Na nilipokuuliza, maneno yako yote yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kusema kweli si kuchagua maneno yasiyo ya uongo. Ni kutomwacha mwenzako aamini uongo huku wewe unamtazama."

Chiriku aliinuka, akatoka langoni, akamkuta kaka anapakia viti vya harusi.

"Kaka, ni mimi niliyeharibu gari."

"Najua. Nilikuwepo jikoni ulipomwambia mama."

"Ulisikia nikimwambia mama. Wewe sijakuambia."

Kaka aliweka chini kiti alichokishika. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu pikapu ile isukumwe langoni, akatabasamu.

"Sasa umeniambia," alisema.