Meneja Yuko Kwenye Dozi

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Domina alifagia ukumbi wa mgahawa wa mama yake, akapanga viti, kisha akaenda kumjulia hali Meneja. Meneja hakuwa mtu. Alikuwa samaki aina ya kangaja, bapa kama kisahani, mwili wa buluu na pezi la njano mgongoni, aliyeishi pamoja na samaki wengine wadogo katika tangi la kioo karibu na kaunta. Cheo hicho alipewa na wateja, kwa sababu alishinda akizunguka na kuchungulia meza moja baada ya nyingine kama mwenye mali.

Mgahawa huo ulikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, na mwenyewe aliitwa Mama Costancia. Tangi walipewa na mdogo wake, Hildegarda, ambaye kazi yake huko Dar es Salaam ilikuwa kutunza samaki wa mapambo. Maji yake yalikuwa ya chumvi kama ya bahari, na hayo hayakuwa mchezo. Domina, binti wa darasa la sita, ndiye aliyejifunza kuyapima na kuyachanganya kwa chumvi maalumu, na aliijua kazi hiyo barabara. Wageni waliosimama kushangaa walielezwa kila kitu kwa sauti ya mtu asiye na shaka na anachokisema. Hildegarda alikuwa amekubali tangi likae Mikumi kwa sharti moja tu: samaki wakianza kuumwa kwa kutotunzwa, atalirudisha Dar.

Sharti hilo lilikuja na maelekezo ya chakula. Kangaja ni mla majani. Huko baharini huchunga kwenye miamba kama ng'ombe malishoni. Chakula chake kiwe mwani mkavu uliolowekwa, unaobanwa kiooni kwa kibanio, na makombo yatolewe kabla hayajachafua maji. Mwanzoni Domina aliyafuata maelekezo hayo bila kuruka hata moja.

Tatizo lilikuwa adabu za watu. Huku kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, na Meneja alikuwa na tabia ya kuja kiooni kila sahani inapotua mezani, akifungua na kufunga mdomo. Abiria wa mabasi waliona tonge halipiti kooni. "Karibu, bwana," walimwambia, kisha wakamdondoshea kipande cha chapati. Meneja alikula. Watu walicheka, wakapiga picha, wakaagiza soda nyingine. Domina akaona jambo hilo ni zuri, akawa yeye mwenyewe anawafunulia kifuniko. Baada ya muda hata kuloweka mwani aliacha. Kwa nini ahangaike, na mnyama mwenyewe ameshakula chapati, ugali na hata maini?

Jumamosi moja Meneja hakuja kiooni. Domina alimkuta kwenye kona, tumbo limevimba kama mpira, kichwa kimeelekea chini na mkia juu. Alijaribu kuogelea, akashindwa kunyooka. Domina alimpenda samaki yule kupita alivyowahi kumwambia mtu.

Wateja wa asubuhi hawakukosa ushauri. Mmoja alitaka atiliwe dawa ya minyoo, mwingine akasema maji yote yamwagwe. Mama Costancia, asiyependa kukaa bila kufanya kitu, alikuwa tayari ameshika ndoo. Domina alimwomba wampigie kwanza mama mdogo, na kwa bahati Hildegarda alipokea. Alitaka aonyeshwe samaki kwenye kamera ya simu. Aliuliza kama magamba yamesimama. Hapana, yalikuwa yamelala. Aliuliza kinyesi chake kikoje, na Domina akajibu kwamba juzi kilikuwa cheupe na chembamba kama uzi, na tangu hapo hakijaonekana tena.

"Anakula nini?" Hildegarda aliuliza.

"Mwani tu," Mama Costancia alidakia. "Mtoto huyu ni mwangalifu, wala huna haja ya kuuliza."

Si jambo dogo kumkanusha mama yako anapokusifu, tena mbele ya watu. Lakini alimtazama samaki pale konani, akapiga moyo konde.

"Hapana, mama mdogo. Mwani nimeacha kumpa. Anakula chapati na ugali, na jana alikula maini. Wateja wanampa, na mimi ndiye ninayewafungulia."

Mama Costancia aliitua ndoo chini polepole. Uso ulimshuka.

"Afadhali umesema," Hildegarda alisema. "Nilikuwa karibu kuwaambia mtie dawa ya vijidudu. Ingemtesa bure, na ingewadhuru na hao wengine. Huyu hana vijidudu, Domina. Amejaa kitu ambacho tumbo lake haliwezi kusaga."

Akawaelekeza. Itafutwe chumvi ya magnesia, siyo ile ya kupikia. Nayo hulegeza tumbo lililofunga. Duka la dawa la jirani lilikuwa limeishiwa. Mama Costancia akampigia Mzee Bonifas, mfanyabiashara wa Kilosa aliyezoea kuwaletea mchele na mboga, akampata bado hajaondoka kwao. Mzee alizunguka maduka ya dawa ya Kilosa mjini mpaka akaipata, na adhuhuri aliwasili Mikumi akiwa ameishika mwenyewe mkononi, mchele ameuacha garini.

Domina alichota maji ya tangi akajaza beseni, akayeyusha chumvi ile kwa kipimo alichotajiwa, akaweka pampu ya hewa. Meneja hakumvua kwa wavu. Kangaja ana mwiba mkali pembeni mwa mkia, na mwiba huo hunasa kwenye nyuzi, kwa hiyo alimkinga taratibu kwa bakuli. Alikaa pembeni mwa beseni muda wote akitazama mashavu yake yakipanda na kushuka, mpaka Hildegarda aliposema arudishwe tangini.

"Sasa ndiyo kazi yenyewe," Hildegarda alisema. "Asipewe chochote. Hata punje. Mpaka tumbo lishuke na apate choo."

Domina alidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kesho yake mchana mabasi yalijaza ukumbi, na Mzee Bonifas, aliyekuwa amelala Mikumi, alichagua meza ya karibu na tangi. Meneja, aliyekuwa amepungua kidogo uvimbe, alijikokota hadi kiooni na kuanza kufungua mdomo. Mzee akainuka, chapati mkononi. Domina aliwahi, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Samahani, babu. Yuko kwenye dozi. Amekatazwa chakula."

"Dozi gani ya kumshindisha mgonjwa na njaa?" Mzee Bonifas alikunja uso. "Mimi ndiye niliyemhangaikia dawa Kilosa nzima, leo wewe mjukuu wangu unanizuia kumpa kipande cha chapati?"

Wateja waligeuka kutazama. Huyu alikuwa mtu mzima, tena mwenye hisani, na Domina alilelewa kuitikia "ndiyo, babu" hata kabla hajaulizwa. Alimtazama mama yake kule kaunta. Mama Costancia alimtazama tu, akamwachia mwenyewe. Mkono wa Domina haukuondoka.

"Dozi yenyewe ni hiyo uliyoileta, babu. Bado inafanya kazi. Tukimpa chapati, tutakuwa tumekusumbua bure. Na hafungui mdomo kwa njaa, ndivyo anavyovuta pumzi." Kisha alipiga goti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe mimi nimpokelee. Anasema asante sana, starehe."

Mzee Bonifas aliiangalia ile mikono, akamwangalia samaki, halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akampa chapati. "Haya, mgonjwa ni mgonjwa," alisema, akarudi kitini. Na kila mteja aliyeinuka baada ya hapo, ni yeye Mzee aliyemkalisha chini.

Jumatatu alfajiri Domina alimwita mama yake kwa sauti iliyowaamsha majirani. Mama Costancia alitoka jikoni mikono imejaa unga, akainama kuangalia kinyesi cha samaki kana kwamba ni dhahabu. Tumbo lilikuwa limeshuka. Meneja aliogelea amenyooka. Domina aliloweka kipande kidogo cha mwani, akakibana kiooni, na wote wawili wakasubiri. Meneja alizunguka, akarudi, akakidonoa, kisha akakivamia. Domina alifuta machozi kwa mkono wa sweta, wala hakujificha. Kwenye simu, Hildegarda alisema tangi litabaki palepale lilipo.

Mama Costancia alimvutia binti yake kiti.

"Keti nikuambie. Ulimdanganya mama yako mdogo kwa kunyamaza, na mimi nikakusifia kazi usiyoifanya. Hilo sitaki lirudi tena. Lakini ulipoulizwa ulisema kweli mbele ya watu, na ndiyo maana alitibiwa ugonjwa alionao, si ule tuliokuwa tunaubahatisha. Na jambo jingine. Sisi sote tulimlisha kwa mapenzi, tukakaribia kumuua. Kumpenda mtu siyo kumpa kinachokufurahisha wewe kutoa. Ni kumpa kinachomfaa, hata kama kinachomfaa ni kunyimwa."

Domina aliitikia kwa kichwa. Mama yake alijipangusa unga mikononi, akainuka kurudi jikoni, kisha akasimama mlangoni.

"Miaka yote hii naendesha mgahawa," alisema. "Sikujua kwamba siku nitakayojivunia mwanangu kuliko zote itakuwa siku aliyomnyima mtu chakula."