Picha Mbili za Kipepeo wa Buluu

Picha ilikuwa ikinuka matope ya mto. Otilia aliinusa, akainusa tena. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vipepeo katika bustani yake na mumewe pale Mindo, kijiji cha milimani. Siku hiyo, bila kukusudia, alimpiga picha kipepeo mmoja mara mbili, ya pili ikasogea pembeni kidogo. Alipozilaza sambamba mezani na kukengeza macho, zikaungana. Kipepeo akainuka juu ya karatasi kama anayetaka kuruka. Nyuma yake, mbali, kwenye ukungu wa majani, alisimama mtoto wa kike aliyelowa chepechepe.

"Makengeza hayo yatakuganda," alimtania mumewe, Fausto.

"Njoo uone. Ni Anahí."

Kicheko kikamkauka Fausto. Mto ulikuwa umemchukua binti yao mwaka uliopita. Fausto alikengeza wee, asione kitu. "Mama Anahí," alisema taratibu, "mtoto tumeshamzika."

Otilia hakusikia. Akawa anapiga picha mbilimbili makusudi, na kila mara mtoto alikuwa amesogea, hadi mchana mmoja, nyumba ikinuka mto na mbawa zikipapatika ndani ya kuta ambamo hamkuwa na kipepeo yeyote, akauona uso wenyewe, umechungulia juu ya bawa, ukimtabasamia.

Fausto akamleta mganga, mama Rosenda.

"Akitabasamu huyo wa pichani, binti yangu, meno yake yakoje?" alinong'ona mganga.

"Meupe. Yamejaa."

"Na mwanao?"

Otilia akajiziba mdomo. Anahí alikufa ana pengo mbele.

"Basi hilo ni jini la mtoni. Limejivika sura yake. Choma picha zote, kwa mkono wako."

Alizichoma, mama Rosenda akipuliza moshi wa tumbaku. Motoni sauti ya mtoto ikalia, "Mama! Mama, naungua!" Otilia alilia nayo, lakini hakuacha. Harufu ikatoweka.

Usiku huo alilala fofofo. Alipoamka jua limepanda, alimkuta Fausto jikoni, amempa mgongo, ameinamia picha mbili, machozi yakimchuruzika.

"Baba Anahí! Ulizificha zisichomwe?"

"Nimemwona," alinong'ona bila kugeuka. "Najua si yeye. Niachie kidogo tu."

Begani, shati lake kavu lilikuwa na alama mbichi ya kiganja kidogo cha mtoto, na maji yalikuwa bado yanaenea.