Mpunga Upite Mashineni Mara Moja

Notburga alifika kwenye mashine ya kukoboa pale kijijini Kihagara akiwa na debe la mpunga kichwani. Mumewe, Ladislaus, alikuwa ametangulia na gunia tupu. Gunia lilikuwa la pumba za nguruwe wake.

"Baltazar, pitisha mara mbili," Ladislaus alimwambia mwenye mashine. "Nataka mchele mweupe pee. Na pumba laini nyingi."

"Kama kawaida, Baba Glorious," alijibu Baltazar.

Karibu kila nyumba ilifanya hivyo. Mpunga ukipita mara ya kwanza, maganda makavu hutoka. Mchele unabaki na rangi ya kahawia. Ukipita tena, ile ngozi laini ya kahawia inakwanguliwa na kuwa pumba. Mchele wa kahawia uliitwa mchele wa wavivu. Hakuna mama aliyetaka mgeni auone mezani kwake.

Jioni Notburga alitandika kitanda. Chini ya godoro akakuta vidonge vya mumewe. Pakiti ilikuwa haijafunguliwa.

Vidonge hivyo Ladislaus alipewa hospitali, baada ya kupimwa na kukutwa na lehemu nyingi. Lehemu ni aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu. Yakizidi, huziba mishipa. Mdogo wake, Xaveri, alikuwa na tatizo hilo hilo. Alipata kiharusi akiwa shambani, akafa na kuacha watoto wadogo. Notburga hakutaka kuwa mjane.

"Baba Glorious, dawa hizi zinafanya nini hapa?"

"Nina dawa nyingine," alisema Ladislaus. Akatoa chupa yenye vidonge vya mafuta. "Vitamini E ya aina mpya. Inaitwa tokotrienoli. Muuzaji mmoja mnadani kasema, ukimeza hizi, za hospitali unatupa."

"Alikupima damu?"

"Hapana."

"Sasa alijuaje?"

Ladislaus alirudisha chupa mfukoni.

"Kesho twende zahanati," alisema Notburga.

"Kesho nina kazi ya banda."

"Banda halitapata kiharusi. Tunakwenda."

Asubuhi walimkuta muuguzi Avelina. Notburga aliweka chupa na pakiti mezani, vyote kwa pamoja.

"Nesi, mwambie huyu. Mimi hanisikii."

Avelina alisoma maandishi ya chupa. "Baba Glorious, muuzaji hakudanganya kila kitu. Vitamini E si kitu kimoja. Ni kama ukoo. Kuna upande unaojulikana sana, unaitwa tokoferoli. Kuna upande usiojulikana sana. Ndiyo hiyo tokotrienoli."

"Umesikia!" Ladislaus alimwambia mkewe.

"Ngoja, sijamaliza," alisema Avelina. "Wataalamu wanaichunguza. Baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba huenda inasaidia kupunguza lehemu. Mengine hayakuonyesha kitu. Bado hawajathibitisha. Kwa hiyo si badala ya dawa yako. Tena vidonge vya vitamini E vikiwa na nguvu nyingi vinaweza kuleta shida, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usimeze chochote cha mnadani kabla ya kuuliza."

"Basi vitamini yenyewe niipate wapi?"

"Ipo kwenye mawese. Ila mawese yana mafuta mazito yanayoweza kupandisha lehemu, wewe usiyazidishe. Ipo pia kwenye ile ngozi ya kahawia ya mchele."

Ladislaus aliuliza, "Ile ya pumba?"

"Ile ile."

Notburga alipiga makofi. "Kumbe nguruwe wanakula vizuri kuliko sisi!"

Hata Ladislaus alicheka. Kisha akauliza, "Sasa nile pumba?"

"Hapana. Zile zina maganda na mchanga. Wewe koboa mara moja tu. Mchele huo una vitamini na nyuzinyuzi pia. Uloweke kwanza, uongeze maji, uupike kwa moto mdogo. Koboa kidogo kidogo, maana ukikaa sana mafuta yake huharibika na mchele unanuka. Punguza mafuta ya nguruwe. Kula maharage, mboga na samaki. Na kila siku meza dawa ya hospitali."

Wiki iliyofuata Ladislaus alikwenda mashineni. "Mara moja tu, Baltazar."

"Umegombana na nguruwe?" aliuliza Baltazar. Foleni yote ikaangua kicheko.

"Nitawachanganyia majani ya viazi na mashudu ya alizeti. Wewe koboa."

Jumapili dada yake, Kunigunda, alikuja kula. Alipofunua sahani, akashtuka. "Wifi, mmefilisika? Huu si mchele wa wavivu?"

Notburga alitaka kujibu. Ladislaus akamwahi.

"Nimeagiza mimi, dada. Tafuna taratibu, usimeze kama bata."

Kunigunda alinuna, lakini alitafuna. Alipomaliza, aliongezewa.

Msimu ulipita. Ladislaus alimeza vidonge vyake kila jioni, Notburga akimtazama. Walirudi hospitali kupima, kisha wakampelekea Avelina majibu.

"Lehemu imeshuka," alisema Avelina. "Imeshuka vizuri."

"Ni mchele?" aliuliza Notburga.

"Siwezi kusema ni mchele. Dawa imefanya kazi kubwa. Chakula nacho kimesaidia. Endeleeni na vyote viwili."

Ladislaus alikohoa. "Lakini Nesi, kama imeshuka, sasa si naweza kuacha vidonge?"

Avelina alimtazama Notburga. Notburga alimtazama mumewe. Kisha Avelina akasogeza pakiti mpya ya vidonge mbele ya Ladislaus.

"Basi, basi," alisema Ladislaus. "Nimeelewa."

Akachukua pakiti mpya, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.